Nia ya Mwenye Kutunga

Katika lugha za kuandikia programu pana mas'ala ambayo wanafalsafa waliyajadili kabla kompyuta haijazuliwa, nayo ni haya: neno likisha kumtoka aliyelitunga na kuangukia katika maandishi ya mwingine, maana yake yafuata nia ya nani?

Lisp, lugha aliyoiasisi John McCarthy huko Marekani mwaka 1958, huiandika programu kwa umbo la orodha ambalo programu yenyewe yaweza kulishika na kuligeuza. Na kwa sababu hiyo Timothy Hart, mwaka 1963, alipendekeza iongezewe makro, yaani kanuni ipokeayo maandishi na kuyabadili kuwa maandishi mengine kabla hayajatekelezwa, hata kila mwandishi akapata uwezo wa kuizidishia lugha sarufi ambayo waasisi hawakuiwaza. Uwezo huo nauheshimu mno, kwani lugha isiyokubali kukuzwa na wasemaji wake huwafunga katika fikira za waliotangulia.

Walakini tazama. Mtunzi ameandika makro ya kubadilishana thamani za majina mawili, na ndani yake, apate pa kuiweka thamani ya kwanza kwa muda, ametumia jina la tatu, tuseme "akiba". Mwingine, asiyeyajua ya ndani, aitumia makro hiyo kubadilishana "akiba" yake mwenyewe na "deni". Maandishi yakisha kukunjuliwa, akiba mbili zimekuwa moja: akiba yapewa thamani ya deni, deni yarudishiwa iyo hiyo, na mabadilishano hayakutendeka, ilhali kila mmoja wao aliandika alichokikusudia.

Mwaka 1986 Eugene Kohlbecker, Daniel Friedman, Matthias Felleisen na Bruce Duba walionyesha njia ya kuyatia alama majina aliyoyaleta mtunzi, yasichanganyike na ya mtumiaji. Scheme, mojawapo ya lahaja za Lisp, iliifuata njia hiyo, nami naiona kuwa ya insafu kubwa, kwa kuwa yaziruhusu nia mbili kukaa katika andiko moja pasipo mojawapo kuimeza nyenziwe. Common Lisp, lahaja nyingine, ilichagua vingine, ikamwachia mtunzi ajibunie jina la pekee kila atakapo kujikinga. Na wapo wanaoupendelea uhuru huo, maana mara nyingine mtunzi hukusudia hasa kumwekea mtumiaji jina tayari, alitumie bila ya kulitangaza.

Kwa rai yangu hilo ni halali, maadamu mtunzi atataka idhini waziwazi, kama inavyombidi katika Scheme ya baadaye, ambamo jina lake halionekani kwa mtumiaji illa aandike bayana kwamba ataka lionekane.