MWENYE KULISHWA NA AKIBA YA UMMA

Ndugu msomaji, hapana akanushaye ya kwamba nafaka ya mke, na ya mzazi asiyejiweza, ni wajibu wa wenye nyumba. Lakini liko suali lipasalo kuzingatiwa: Je, mtu akiwa na wa kumlisha, ahitaji tena akiba ya umma?

Mwezi wa Aprili 2016, Serikali ya Zanzibar ilianza kumpa shilingi 20,000 kila mwezi kila mzee aliyetimia miaka 70, mwanamume kwa mwanamke, pasina kuuliza kama aliwahi kuajiriwa wala kama ana watoto. Hapo kabla, malipo ya uzeeni yalikuwa khasa ya aliyepata mshahara. Aliyemaliza umri wake kupika, kulea na kuuguza hakuwa nayo.

Wako wasemao: "Jambo hili litakata udugu, mtoto atasema mama anayo serikali." Khofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini tazama wasemao ni nani: aghlabu ni wenye kushika mfuko. Mwenye kutoa huogopa kupotewa na kazi. Mwenye kupewa huogopa kupotewa na huyo mwenye kutoa, kwa mauti, au kwa talaka, au kwa ghadhabu ya siku moja. Khofu ni mbili, na dawa ya moja haiponyi ya pili.

Wala tusidhani kila mwenye kulishwa huipenda akiba hiyo. Yuko mke aonaye ya kwamba kodi yake yatoka katika chungu cha nyumba yake, akaichukia pamoja na mumewe. Huyo ameihisabu nyumba. Hakuihisabu nafsi yake siku nyumba itakapovunjika.

Sharia imempa mwanamke mali yake mwenyewe, na nafaka ikaifanya haki, si hisani. Na Abu Yusuf, katika Kitab al-Kharaj, amepokea ya kwamba Sayyidna Omar alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba, akaamuru yeye na mfano wake watazamwe kwa mali ya Baytul-Mali.

Basi akiba ya umma haimwondolei mtoto wajibu wake. Shilingi za akiba hiyo hazitoshi chakula cha mwezi. Walakini mama aliye nazo aweza kununua dawa yake bila ya kungoja uso wa mtu ukunjuke. Na apewacho na mwanawe kitakuwa wema usio masimango.

Kwa hivyo tukishauriana katika jambo hili, tuwaulize kwanza wenye kulishwa. Tena tuwaulize faraghani, mbali na wawalishao. Wallahu aalam.