Nyumba Yenye Majini: Je, Kuchunguza ni Upungufu wa Imani?



Tuchukue mfano wa nyumba iliyo ukingoni mwa Ziwa Mweru, pale Nchelenge, ambayo wapangaji wanaikimbia. Usiku madirisha yake yanamulika. Waliolala humo wanaamka na vichwa vizito, wakisema wamesikia nyayo. Mwenye nyumba ni mjane mzee. Je, Muislamu anayetaka kuichunguza kwanza amepungukiwa na imani?

Wapo wasemao ndiyo. Hoja yao ni kwamba majini wametajwa ndani ya Qur'ani, tena wana sura yao, ya 72. Basi anayetafuta sababu nyingine anakaribia kuwakana.

Hoja hii inachanganya mambo mawili. Kuamini kwamba majini wapo ni katika kuamini ghaibu. Lakini kwamba jini yumo katika nyumba ya fulani ni habari iliyoletwa na mtu, na Suratul Hujurat, aya ya 6, inatutaka tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga.

Mtume (s.a.w.) alitupa mfano. Jua lilipatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, na watu wakasema limepatwa kwa kifo hicho. Maneno yale yalikuwa yanampa heshima, naye aliyakataa hapo hapo. Ikiwa dhana iliyomtukuza Mtume haikuachwa ipite, itapitaje dhana inayomvunjia mjane nyumba yake?

Basi tuchunguze. Wavuvi wa chisense wa ziwa hilo huvua usiku kwa taa, na uvuvi wa taa hufaa zaidi usiku wa giza. Ikiwa madirisha yanamulika siku za giza na kutulia mwezi ukiwa mpevu, waulizwe wavuvi kabla ya mganga.

Na vichwa vizito? Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha kisa cha familia iliyosikia nyayo na kuona watu wasiokuwepo. Ilikuja kugundulika kwamba tanuri bovu la kupashia nyumba joto lilikuwa linavujisha kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hiyo hutoka kwenye jiko la mkaa, ambalo Wazambia huliita mbaula. Anayesema "ni jini tu" na kuiacha mbaula ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa anaweza kuamka na maiti.

Hatari ya pili ni kwa mjane. Watu wakishakubaliana kwamba kuna jini, huanza kumtafuta aliyemtuma. Sheria ya Uchawi ya Zambia, yenye asili yake mwaka 1914, inafanya kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa. Sisi tunayo hoja ya zamani zaidi. Suratu Saba, aya ya 14, inaeleza kwamba majini waliendelea kumtumikia Nabii Sulayman (a.s.) bila kujua kuwa amekwisha kufa, mpaka fimbo yake ilipoliwa. Ikiwa hawakujua hilo, jini wa mganga hawezi kuwa shahidi dhidi ya bibi wa watu.

Uchunguzi nao una mipaka. Aya ya 12 ya Hujurat inakataza dhana mbaya na upelelezi pamoja. Basi tuingie kwa idhini ya mwenye nyumba, mchana, na tusitangaze siri zake.

Tusipopata sababu je? Kutojua si ushahidi wa jini. Tuseme hatujui, kisha tusome Suratul Baqara, kwani tumefundishwa kwamba shetani huikimbia nyumba inayosomwa humo. Kisomo na uchunguzi havigombani: fungua dirisha, toa mbaula nje, halafu soma. Na mjane aulizwe hali yake, kwa sababu haki ya jirani haingoji tumalize kuchunguza.

Wallahu a'lam.