Bure ya Nani?

Kukhu alinipigia simu Jumamosi moja ya Aprili, saa moja jioni. "Wajukuu wako wamefika," akasema. Nikamuuliza wajukuu gani. "Sijui. Wako saba, na magari mawili. Nimewauliza kama wanakujua, wanasema hawakujui. Wananionyesha simu. Wanasema hapa ni bure."

Nilinyamaza. Hayo maneno, hapa ni bure, niliyaandika mimi.

Turudi nyuma kidogo. Desemba iliyotangulia tulikuwa wanne ndani ya Probox kuukuu, Nairobi kwenda Jinja, na bajeti ya malazi ilikuwa mia tatu kwa usiku. Mia tatu kwa wote wanne, si kila mtu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na nilikuwa naishi kwa kuandikia watu vitu visivyobeba jina langu. Hoteli haikuwa kwenye hesabu. Tulikuwa na hema mbili, jiko la gesi la kilo sita, na imani kwamba nchi hii ni kubwa na haiwezi kukosa futi kumi za nyasi.

Ukisafiri hivyo unajifunza haraka. Fika mahali kabla ya saa kumi na moja, maana anayeomba nafasi mchana ni msafiri na anayeomba usiku ni mshukiwa. Kanisani utapata, mradi umpate mtu mwenye ufunguo na umwambie ukweli. Shuleni ni mpaka mwalimu mkuu, na Desemba mwalimu mkuu yuko kwao. Hoteli ndogo za barabarani nyingi zitakuruhusu kupiga hema nyuma ukinunua chakula cha jioni. Mbuga na hifadhi za serikali zina sehemu za kambi, bei yake imeandikwa, unalipa kwa simu, na ukishalipa hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Usiku uliotangulia tulilala hivyo kwenye msitu wa Kakamega, tukasikia nyani wakigombana alfajiri, na bajeti ikafa hapo hapo.

Ndiyo maana siku iliyofuata tulihitaji kulala bila kulipa. Tulitoka msituni tumechelewa, tukapita Mumias, tukavuka mto Nzoia, na giza likatukuta Mayoni. Ni soko la barabarani, miwa huku na miwa huku, akina mama na taa zao juu ya omena na ndizi, vijana wa boda wamelalia tangi za pikipiki. Tukamuuliza mmoja wao mahali tunapoweza kupiga hema. Akatutazama mmoja mmoja. "Hapa watu hawalali nje," akasema. "Nani amewafukuza nyumbani?"

Yeye ndiye aliyetupeleka kwa Kukhu. Kukhu hakuuliza tunataka nini. Aliuliza nyinyi ni wa nani, mmetoka wapi, mmekula, na hicho kitambaa kina mlango? Kisha akakataa kabisa tulale nje ilhali yeye ana sebule. Tulibishana kama nusu saa, kwa heshima. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba milango ya hema itazame mlango wake, ili usiku akiamka atuone. Tulikula ugali na mrenda. Asubuhi kulikuwa na chai ya maziwa na viazi vitamu, na nilipomwekea mia tano chini ya kikombe alinirudishia huku amekunja uso. "Nimefungua hoteli lini?"

Siku hiyo hiyo, tukisubiri foleni Malaba, nilifungua ile programu ambayo wasafiri huwekeana alama za mahali pa kulala, nikaweka pini. Boma la nyanya mkarimu, Mayoni, kati ya Mumias na Bungoma. Bure kabisa. Choo kipo, maji yapo, hata chakula unaweza kupewa. Nyota tano. Nilijiona nimelipa deni, maana na mimi nimelala sana kwenye pini za wengine.

Sasa hebu tulitazame hilo neno. Kwa Kiswahili, bure ni kitu kisicholipiwa, lakini pia ni kitu kisicho na sababu wala thamani. Umenipiga bure. Kazi bure. Mtu bure. Sidhani waliotuachia lugha walikosa neno la pili, nadhani waliona jambo. Kukhu hakutupa kitu cha bure. Alitupa unga wake, usingizi wake (aliamka mara mbili, nilimsikia), na jina lake mbele ya majirani, ambao kesho yake wangemuuliza wale walikuwa akina nani. Alitupa sisi, baada ya kutuuliza maswali manne. Mimi nikachukua jibu lake kwetu nikalifanya jibu lake kwa dunia nzima.

Rafiki yangu mwenye Probox hakubaliani nami hapa, na hoja yake si nyepesi. Anasema ukarimu haugawanyiki. Kama Kukhu alitukaribisha bila kutujua, basi alishasema ndiyo kwa yeyote ambaye hamjui. Tofauti kati yetu na wale saba ni ipi? Tena, anasema, ukifuta pini za aina hiyo utawaachia barabara wenye pesa peke yao. Kambi nyingi nzuri za Afrika Mashariki zimewekewa bei zikimfikiria mgeni wa ng'ambo. Kijana wa Umoja au wa Kawangware anayetaka kuiona Nzoia au chanzo cha Nile ataionaje, kama si kwa kuambiana?

Hapo kwa ng'ambo nikaanza kusoma. Niliacha chuo kabla hatujafika kwa Immanuel Kant, kwa hiyo nilimsoma kwa simu, kwenye matatu. Mwaka 1795, akiwa mzee ambaye hakuwahi kusafiri mbali na mji wake wa Königsberg, aliandika kwamba mgeni ana haki ya kutotendewa kama adui kwa sababu tu amefika kwenye ardhi ya mwingine. Dunia ni mviringo, watu hawawezi kutawanyika bila mwisho, lazima wavumiliane. Lakini akaweka mpaka: hiyo ni haki ya kuzuru. Haki ya kuwa mgeni wa nyumba, kula na kulala humo, ni kitu kingine, na inahitaji mapatano maalumu. Na akawasuta Wazungu wenzake ambao kwao kuzuru nchi za watu na kuziteka yalikuwa jambo moja.

Kuna nchi zilizoiandika haki ya kuzuru kwenye sheria au desturi. Sweden unaweza kupiga hema usiku mmoja kwenye ardhi ambayo si yako, mradi usikae karibu na nyumba ya mtu na usiharibu kitu. Scotland wanayo sheria ya 2003. Sisi Katiba ya 2010, kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuingia, kubaki na kuishi popote nchini, lakini ukiingia shamba la mtu bila ruhusa yake hiyo haki inaishia kwenye ua. Na Matungu hakuna pori tupu la kulala. Ukitoka uani mwa mtu umeingia kwenye muwa wa mtu.

Ila ukitaka kuelewa kwa nini Kukhu alituuliza maswali manne, Kant si wa kwanza kumwendea. Nenda Mumias, kilomita chache tu kutoka kwake. Mji ule ulikua na makambi. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa ikipiga hema pale, mahali palipoitwa kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu. Joseph Thomson alifika 1883, Mumia akiwa ndiyo kwanza amerithi kiti cha baba yake. Askofu Hannington akapita 1885, akaenda kuuawa Busoga. Wote walihitaji mahali pa kulala, chakula na njia, na Mumia akawapa. Si kwamba alikuwa mjinga. Wageni wale walimfaa dhidi ya majirani zake, na Wawanga wakapanuka. Lakini katikati ya miaka ya 1890 kambi ilishageuka kituo cha serikali, na mwaka 1909 mgeni ndiye aliyekuwa akimpa mwenyeji cheo, akamfanya chifu mkuu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tunavyosema. Mumia alifariki 1949 na wageni walikuwa bado hawajang'oa hema.

Walipokaa, jambo la kwanza walilofanya ni kuwanyima wenyeji kile walichopewa wao. Ikaja sheria ya kipande, mwanamume Mwafrika wa zaidi ya miaka 16 akawa hawezi kutembea bila karatasi shingoni. Sheria ya uzururaji nayo ilikaa vitabuni mpaka 1997. Kulala nje kukawa kosa, kutegemea nani analala. Na bado. Usiku mmoja wa safari ile tulipiga hema nyuma ya kituo cha mafuta. Askari wa zamu akatuletea kiti. Saa tano hivi akamfukuza kwa rungu kijana mwenye gunia aliyekuwa amejilaza hatua kumi kutoka kwetu, kwenye saruji ile ile. Sisi tulikuwa na hema ya elfu tisa. Hatukusema kitu. Hilo linanisumbua kuliko pini, nikisema ukweli, na sina namna ya kulipanga vizuri ndani ya makala haya.

Kwa hiyo kwa rafiki yangu nina jibu nusu. Vya umma tuambiane mpaka sauti zikauke: msitu, hifadhi, kingo za ziwa zilizo wazi. Mwenye biashara aliyeweka bei, tuambiane bei. Tukifichiana hivyo tunawasaidia wenye pesa. Lakini mlango ambao ulifunguliwa kwa maswali si mahali, ni mazungumzo, na mazungumzo hayana pini. Wale saba hawakuulizwa maswali manne kwa sababu walikuja na majibu kwenye simu. Walipiga hema nyuma ya nyumba, mbali na macho ya Kukhu. Mmoja aliuliza kama chakula kipo tayari. Kukhu aliwapikia, maana angefanyaje, akaenda kukopa unga kwa jirani. Walipoondoka walisema asante sana, wakaacha chupa za plastiki zimepangwa vizuri kando ya choo. Hawakuwa watu wabaya. Ndivyo ninavyofanya mimi nikilipa mahali.

Usiku ule ule wa simu nilifuta pini. Juni nikapanda matatu kwenda Mayoni kuomba msamaha, na paketi mbili za unga na kilo mbili za sukari. Ndiyo, nilibeba sukari kwenda Mumias. Kiwanda kilichokuwa kikubwa kuliko vyote nchini kiliwekwa chini ya mrasimu 2019, na hata baada ya mitambo kuanza tena kuzunguka, Kukhu ana miwa mpaka mlangoni na sukari ananunua dukani kama mimi.

Nilimweleza yote: programu, pini, nyota tano, na kwamba nimeshafuta, hakuna atakayemsumbua tena. Nilitegemea anisamehe. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mrenda.

"Umefuta," akasema.

"Ndiyo, Kukhu."

"Ulipoandika uliniuliza?"

"Hapana."

"Na ulipofuta?"

Kwenye matatu nilikuwa nimetunga sentensi nzuri kuhusu heshima na faragha. Zote ziliisha. Nilikuwa nimemwamulia mara mbili, mara ya kwanza kama mali ya wasafiri, mara ya pili kama mzee wa kulindwa.

Akaniambia wale saba walimchosha, hilo kweli. Lakini kati yao kulikuwa na msichana aliyekaa naye jikoni mpaka usiku, akimweleza habari za mama yake aliyefariki, na huyo angependa arudi. Watoto wake mwenyewe wako Nairobi na Doha. Nyumba ina vyumba vitatu na sauti moja.

"Toa simu," akasema. "Andika."

Nikatoa.

"Andika wasije usiku. Wakija usiku nitawapokea, lakini usiandike hivyo. Andika waanzie kwa vijana wa boda pale sokoni, wapelekwe. Nataka mtu anayenijua awe amewaona kwanza. Andika hema itazame mlango. Pesa sitaki, lakini waje na sukari. Na wasizidi wanne." Akafikiri. "Wasizidi watano. Na chupa zao warudi nazo."

Nikamuuliza kama niandike ni bure. Akanitazama kama siku ile ya mia tano.

"Umeniskia nikisema bure?"

Nikaacha pengo mahali pa bei. Programu ikakataa kuhifadhi, inataka ujaze kitu. Mpaka naondoka kesho yake asubuhi tulikuwa bado tunabishana tuandike nini hapo.