Hebu Sema, Mimi Nani?

Kuna mtihani tunaopeana harusini na misibani huku tukicheka. Mtu anakushika mkono, hauachii, anakukazia macho: "Hunikumbuki? Hebu sema, mimi nani?" Ukikwama, hukumu iko tayari. Umejaa maringo. Mji umekubadilisha.

Rafiki yangu hufeli mtihani huo kila mara. Tuliishi naye chumba kimoja hosteli miaka mitatu, lakini siku niliyofumua rasta na kunyoa nywele alinipita kwenye ngazi na "mambo" ile ya kumpa mtu baki. Nilipoita jina lake alishtuka. Macho yake ni mazima. Miaka yote ile alinijua kwa nywele, mwendo na sauti. Uso wangu haukuwahi kumkaa kichwani.

Hali hiyo inaitwa prosopagnosia, jina lililotolewa na daktari Mjerumani, Joachim Bodamer, mwaka 1947. Wengine huipata baada ya kiharusi au jeraha la ubongo, wengine huzaliwa nayo na kukua wakidhani kila mtu yuko hivyo. Oliver Sacks, daktari na mwandishi, alikuwa nayo: aliwahi kumwomba radhi mwanamume mwenye ndevu aliyekaribia kumgonga, kumbe ni yeye mwenyewe kwenye kioo. Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 akawapa sokwe majina mmoja mmoja, naye alisema nyuso za watu zilimpa taabu. Huyo ndiye aliyetufundisha kwamba kila sokwe ni nafsi yake. Basi kumtambua mtu na kumthamini si kitu kimoja, ingawa sisi tunavipima kwa mizani moja.

Hata hivyo pale kwenye ngazi niliumia, na sidhani maumivu yale yalikuwa ya kijinga. Tumezoea kwamba penye aliyeumia lazima apatikane mkosaji. Hapa hayupo. (Wapo wanaojifanya hawakujui, hasa wenye madeni, hao tuwaache.) Linalobaki ni nani abebe mzigo, na mimi nasema abebe mwenye uso. Mila yenyewe inakubali: anayefika ndiye anayepiga hodi, na akiulizwa "nani?" anatakiwa ajitaje. Ni kweli wengi wetu hujibu "mimi", kana kwamba duniani kuna mimi mmoja tu.

Nilipoanza kujitaja kila tukikutana, rafiki yangu hakufurahi. Mbele ya watu, alisema, ninamfanya aonekane mgonjwa. Sasa ninaanza na maneno mengine, lolote la kwetu wawili, kama vile kumuuliza habari za lile jiko la umeme tulilokuwa tukilificha chini ya kitanda. Anacheka kabla sijamaliza.