Kuosha Gari na Kuficha Aibu Yake

Huku ughaibuni ni wachache kati yetu ambao hawajawahi kununua au kuuza gari lililokwisha kutumika. Ndilo gari la kwanza la mwanafunzi, la mfanyakazi wa zamu za usiku, la familia iliyofika juzi na bado inalala kwa jamaa. Kwa hiyo swali ninalotaka tulitafakari leo si la mafundi peke yao. Mtu anayelichukua gari lililotelekezwa, akaliosha na kuling'arisha ili alipeleke sokoni, je, anatengeneza au anadanganya? Na kama yanawezekana yote mawili, mpaka wake uko wapi?

Tuanze na kazi yenyewe. Gari lililosimama muda mrefu chini ya mti hapa Uingereza hupata maradhi yanayofahamika. Utomvu na kinyesi cha ndege hula rangi. Ukoga wa kijani huota kwenye mipira ya madirisha. Taa za mbele, ambazo siku hizi ni za plastiki wala si za kioo, hugeuka njano kwa jua. Majani huziba mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele, na maji yakikosa njia hushuka ndani hadi kwenye zulia.

Fundi mwangalifu huosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Kisha hupitisha udongo laini maalumu unaonasa chembe za chuma na lami ambazo sabuni haiziwezi. Ndipo hung'arisha kwa dawa yenye chembe ndogo za kukwaruza. Wengi hudhani kung'arisha ni kuongeza kitu, kumbe ni kupunguza. Lile tabaka la juu lisilo na rangi lina unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, jembamba kuliko unywele, na kila unaposugua unalila kidogo. Mchubuko hauondoki kwa kujazwa, bali kwa kuishusha ngozi yote iliyouzunguka mpaka ifike kwenye kina chake. Taa nazo hupigwa msasa wa maji, kuanzia wa kukwaruza hadi ulio laini kabisa, kisha hupakwa kinga ya jua. Bila kinga hiyo njano hurudi.

Mpaka hapa hakuna aliyedanganywa. Uchafu si sehemu ya gari, na anayeuondoa anakifunua kilichokuwa kimefunikwa. Tena gari safi hukagulika vizuri kuliko chafu, kwani chini ya tope huwezi kuiona kutu.

Lakini mikono hiyohiyo inaweza kuendelea mbele kidogo. Injini huoshwa kwa mvuke asubuhi ya siku anayokuja mnunuzi, ili oili inayovuja isionekane mpaka wiki ijayo. Chini ya gari hupakwa lami nyeusi juu ya kutu iliyoanzishwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Injini inayogonga hutiliwa oili nzito ili inyamaze. Harufu ya unyevu hupuliziwa manukato. Kifaa kidogo cha bei rahisi huchomekwa chini ya usukani, hitilafu ikafutwa kwenye kompyuta ya gari, na taa ya onyo ikazimika kwa siku chache ilhali ugonjwa upo palepale.

Wengi watasema tofauti iko kwenye nia. Ni kweli, ila mimi ni mhandisi, na nia haina kipimo. Nimetafuta kipimo ambacho mtu anaweza kujipima mwenyewe bila kujionea huruma, nikapata hiki: je, kazi hii ningeweza kuifanya mnunuzi akiwa amesimama pembeni yangu? Kusugua rangi mbele yake naweza, na huenda akanisaidia kushika ndoo. Kufuta hitilafu kwenye kompyuta mbele yake siwezi, kwa sababu akiiona, kazi yenyewe inakosa faida. Kazi ambayo thamani yake yote imo katika kutojulikana haiwezi kuitwa matengenezo.

Mafundisho yetu ya zamani yalikwisha lifikia jambo hili bila kuhitaji injini. Imepokewa katika hadithi iliyo kwenye mkusanyo wa Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu ili watu wakione, kisha likafuata onyo kali dhidi ya mwenye kughushi. Tuangalie kwa makini. Muuzaji hakuambiwa kwamba chakula kilicholowa hakiuziki, wala hakulaumiwa kwa mvua. Kosa lilikuwa katika mpangilio: kikavu juu, kibichi chini.

Lugha yetu nayo inatusaidia. Neno aibu tumelipata kutoka Kiarabu, ambako hutumika pia kwa kasoro ya bidhaa. Ndiyo maana katika fiqhi haki ya mnunuzi kurudisha kitu alichokikuta na kasoro iliyofichwa huitwa hiyari ya aibu. Sisi tumebaki na maana ya fedheha. Nadhani makosa mengi ya sokoni huzaliwa pale maana hizi mbili zinapochanganyika: muuzaji anaiona kasoro ya gari kama fedheha yake mwenyewe, kwa hiyo anaisitiri kama anavyositiri mwili wake. Lakini gari kuzeeka si fedheha ya mtu. Fedheha huanza linapopakwa lami.

Upande wa pili una hoja zake, na si za kipuuzi. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia wanafalsafa wawili waliobishana kuhusu mtu anayeuza nyumba yenye mbao mbovu na wadudu, mambo anayoyajua mwenye nyumba peke yake. Diogenes wa Babeli alishika kwamba muuzaji hapaswi kusema uongo, lakini halazimiki kuzitangaza kasoro. Mnunuzi ana macho, na hakuna aliyemlazimisha kununua. Antipater, mwanafunzi wake, alipinga. Cicero mwenyewe aliegemea kwa Antipater.

Sheria ya Uingereza, kwa mauzo ya mtu binafsi, imekaa karibu zaidi na Diogenes. Gari lazima lilingane na maelezo uliyoyatoa, na ni kosa kuuza lisilofaa kutembea barabarani, lakini mengine usipoulizwa hulazimiki kuyasema. Hoja nyingine ni ya sokoni kabisa: kila mtu anaficha, na kila mnunuzi anajua hivyo, kwa hiyo amekwisha punguza bei kichwani mwake. Anayesema kweli anapunguziwa mara mbili. Je, si mjinga huyo?

Jibu la hoja hii lilitolewa mwaka 1970 na mwanauchumi George Akerlof, kwa mfano huohuo wa magari yaliyotumika, katika makala iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Mnunuzi asipoweza kulitofautisha zima na bovu, hutoa bei ya kati kwa yote. Mwenye gari zima anaona anapunjika, analiondoa sokoni. Yanayobaki ni mabovu zaidi, bei inashuka tena, na wazuri wengine wanajitoa. Anayeficha, basi, hamwibii mnunuzi wake tu. Anamwibia pia jirani yake mwaminifu ambaye kesho ataleta gari zima na kukuta hakuna anayemwamini.

Hata hivyo, hesabu hizi ni nyepesi kwa asiye na shida. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniomba nimwandalie gari la mumewe, lililokuwa limesimama miaka miwili tangu mzee augue. Lilisafishika vizuri sana. Lakini chini ya zulia la abiria palikuwa pameoza, na sakafu ilikuwa imeanza kula kutu. Nilipomweleza aliniambia, "Baba, mimi sikulinyeshea mvua. Kwa nini nilipe mimi?" Ni swali zito, na sikuwa na jibu la kumfurahisha. Nilimwambia kwamba hata yule kijana atakayelinunua hakulinyeshea. Tuliandika karatasi moja: yaliyofanywa upande huu, yaliyobaki upande ule. Gari tulilotaka pauni 1,800 liliuzwa 1,500. Sitawaambia kwamba zile 300 zilirudi kwa mlango mwingine. Hazikurudi, na kwake zilikuwa fedha nyingi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema kwamba kujifunua hakugharimu.

Limebaki swali linalotuhusu sisi hasa. Wengi wetu tutamwambia kweli yote mwenzetu tunayeswali naye au tunayekaa naye kwenye harusi, lakini kwa mtu wa mbali tutaona kimya kinatosha. Mimi naona mizani imegeuzwa. Mwenzetu anajua nyumba yako. Akipata tabu atarudi kugonga mlango. Fikirieni yule anayepelekewa gari Mombasa. Kenya kwa kawaida haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na kuna ukaguzi kabla ya kupakiwa melini, lakini mkaguzi hainui kila zulia. Mnunuzi amechanga kwa miaka, ameona picha sita zinazong'aa, na kati yake na ile sakafu kuna bahari. Hana pua ya kunusa wala kidole cha kubonyeza. Kadiri macho ya mnunuzi yanavyokuwa mbali, ndivyo ulimi wa muuzaji unavyodaiwa zaidi.