Sauti Zilizonaswa Newala
Mwaka 1906, moto wa Majimaji ukiwa haujazimika, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi akapanda hadi Newala, pamoja na askari wenye bunduki, kamera, na chombo cha kunasia sauti katika nta. Sauti hizo zimo Berlin, katika hazina iliyoandikishwa na UNESCO mwaka 1999. Je, ni haki kuzitoa upya katika santuri? Aliyeimba huku bunduki imesimama kando alikubali, au alitii tu? Lakini kuziacha kabatini nako ni kumziba mwimbaji mdomo mara ya pili. Mimi naona zianze kusikika Newala; wajukuu wachague upi utoke. Na wimbo wa unyago, kama umo, wakiuzuia, Ulaya nayo isiusikie.