Maji Yakiponywa, Samaki Hukua

Somo: Ezekieli 47:1-12

 

Wengi wenu mnalijua bwawa la samaki tulilochimba kule bondeni, mita 15 kwa 10. Tulitia vifaranga 300 vya tilapia, tukaomba, tukangoja. Mwaka ulipopita tukashusha wavu kwa furaha. Wavu ulikuwa mzito, lakini samaki walikuwa wadogo kama vidole. Akina mama waliokuja na mabeseni walirudi nyumbani kimya. Baadhi yetu tukasema mbegu ilikuwa mbaya. Wengine wakasema nchi hii si yetu, haiwezi kutuzalia kitu.

Mzee mmoja, mvuvi aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, akamweka samaki mmoja kiganjani. Akasema, "Mtazameni jicho. Huyu si mtoto. Huyu ni mtu mzima aliyedumaa." Kweli, jicho na kichwa vilikuwa vikubwa kuliko mwili. Samaki yule alizidi kuzeeka bila kukua.

Wapendwa, neno lile lilituchoma. Ni wangapi kati yetu miaka imepita, mvi zimeota, watoto wamekuwa vijana, lakini ndani tunajiona tulisimama siku ile tuliyovuka mpaka?

Tulichojifunza bwawani

Watu husema samaki hukua kulingana na chombo chake. Husema hivyo hasa wakiona samaki wa rangi ya dhahabu ndani ya chombo cha kioo katika ofisi za mjini. Lakini ukuta wa chombo peke yake haumzuii samaki. Kinachomzuia zaidi ni maji machafu, msongamano na chakula kisichotosha. Uchafu unaotoka kwa samaki wenyewe hugeuka sumu katika maji yasiyobadilishwa. Tena tilapia huanza kuzaa mapema, akiwa na miezi 2 au 3 tu. Wale 300 wakawa maelfu, na wote wakagombania chakula cha 300.

Basi tukalifungua bwawa, tukatoa samaki wote. Tukachagua 300 wenye nguvu, wengi wao madume, tukawaweka katika shimo dogo la pembeni. Waliobaki tukawagawia jamaa wakaangwe. Tukachota tope jeusi, tukaacha bwawa likauke juani, kisha tukatia maji mapya na kuwarudisha wale 300. Asubuhi na jioni tukawapa pumba, mchwa na mabaki ya dagaa, kiasi wanachomaliza tu, maana chakula kinachobaki huoza. Tulipowaona alfajiri wakihema juu ya maji, tulijua hewa imepungua, tukaongeza maji.

Baada ya miezi 6 tukashusha wavu tena. Wengi walikuwa na upana wa kiganja cha mtu mzima. Hatukununua mbegu nyingine. Walikuwa samaki walewale tuliowadharau! Wachache hawakukua tena, na hilo pia tunalisema kwa ukweli. Lakini wengi walikua.

Wafugaji wa samaki wanalijua jambo hili. Samaki aliyenyimwa, akipata maji mema na chakula, hula sana, na kwa muda hukua haraka kuliko yule aliyeshiba siku zote. Kule Andhra Pradesh, nchini India, wako wafugaji ambao kwa makusudi huwaweka vifaranga katika msongamano karibu mwaka mzima. Wakisha kuwatia katika bwawa kubwa, hukua kwa kasi. Nguvu ya kukua ilikuwa imezuiliwa, haikuwa imekufa.

Nabii aliyekuwa mhamishwa

Sasa turudi kwenye somo letu. Ezekieli alikuwa mtu kama sisi. Alichukuliwa kutoka Yerusalemu pamoja na mfalme Yehoyakini, mwaka 597 kabla ya Kristo, akakaa kando ya mto Kebari katika nchi ya Wababeli. Someni sura ya 40, mstari wa kwanza: maono haya aliyapata katika mwaka wa 25 wa uhamisho. Miaka 25! Wako kati yetu wanaoijua hesabu hiyo kwa miili yao.

Katika mwaka huo Mungu hakumwonyesha kwanza njia ya kurudi nyumbani. Alimwonyesha maji. Yalitoka chini ya kizingiti cha hekalu, yakafika kwenye vifundo vya miguu, kisha magotini, kisha viunoni, kisha yakawa mto usiovukika. Mto huo ukaingia katika Bahari ya Chumvi, ambamo samaki hawawezi kuishi, na maji yake yakaponywa. Samaki wakajaa, wavuvi wakasimama pwani na nyavu zao.

Angalieni vizuri: Mungu hakuihamisha bahari. Bahari ilibaki pale pale, lakini maji yake yalibadilika. Na maji ya uponyaji yalianzia wapi? Yalianzia hekaluni. Yaani, uponyaji wa bwawa letu unapaswa kuanzia kanisani.

Dhambi yetu

Hapa sisi wazee wa kanisa tuna jambo la kuungama. Kijana wetu mmoja mwenye miaka 20 aliamua kurudi shule, akakaa darasa la sita pamoja na watoto. Vita vilimkatisha masomo akiwa mdogo. Alipopita na daftari lake, wengine wetu tulimwita "babu wa darasa". Tulicheka hata uani pa kanisa, baada ya ibada. Baada ya wiki tatu aliacha shule.

Ndugu, nani alimdumaza? Vita vilianza, lakini sisi tulimaliza. Tulikuwa uchafu ndani ya maji yake.

Tulikwenda kwake watatu, tukamwomba msamaha mbele ya mama yake. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema atafikiri. Hatujui kama atarudi darasani. Tunaomba arudi, na akirudi asikute maji yaleyale.

Mstari wa 11 unatuonya. Yako matope na mabwawa ambayo hayakuponywa, yakaachwa kuwa ya chumvi. Tunaweza kuomba kila usiku na bado tukabaki tope, tukishika masengenyo, ukabila na kinyongo cha nyumbani tulikotoka.

Mambo ya kufanya

1. Toeni tope. Kila nyumba ichague neno moja la dharau linalosemwa humo kila siku, na liachwe. Mtoto anayeitwa mjinga kila asubuhi anaogelea katika sumu.

2. Lisheni kidogo kidogo, kila siku. Mistari michache ya Neno jioni, na swali moja kwa mtoto: leo umejifunza nini? Msiwape mahubiri ya saa mbili Jumapili halafu njaa siku sita.

3. Punguzeni kugombania. Mgao umekuwa mdogo, tunajua. Lakini jirani si adui wa sahani yako.

4. Ngojeni. Samaki wetu walihitaji miezi 6. Mtu huhitaji zaidi.

Na mtoto mchanga asiyeongezeka mwilini msimngojee. Mpelekeni kituo cha afya mapema, maana kupungukiwa kwa miaka miwili ya kwanza ni vigumu kukurudisha baadaye.

Wapendwa, Bwana wetu Yesu naye alikimbizwa usiku akiwa mtoto, akawa mgeni huko Misri. Lakini Luka 2:52 inashuhudia kwamba alikua katika hekima na kimo, akapendwa na Mungu na watu. Mtoto mkimbizi alikua! Hata wetu wanaweza kukua, nasi pia, tukiwa na mvi zetu.

Tuombe: Ee Bwana, anzia kwetu. Ponya maji ya kanisa lako, ili wale tuliowazuia wapate kukua. Warudishie hamu wale waliokata tamaa. Tufundishe kungoja bila kucheka. Katika jina la Yesu, Amina.

Ndimi wazee wenu wa kanisa.